Kitabu na Mkono

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Watu wa pwani waliosema hivi walikuwa wakitazama jahazi majini, na fikira zao zikarudi nyuma kwa fundi aliyeinama na tezo mkononi siku nyingi kabla chombo hakijashushwa. Methali haituambii fundi huyo alifunzwa na nani, wala kama yalikuwapo maandishi aliyoyasoma. Aghalabu hayakuwapo. Alikuwa mwanagenzi wa fundi mwingine. Akashika mbao, akatazama, akakosea, akakemewa, na baada ya miaka jicho lake likawa ndilo kipimo chake. Swali ambalo methali imeliacha ndilo ninalotaka kulitazama katika kurasa hizi chache. Je, kitabu chaweza kuufunza mkono? Na kama hakiwezi, au kama chaweza kwa sehemu tu, mtu aliyesoma ana deni gani kwa mtu asiyesoma sana ambaye mkono wake unajua?

Mfano wangu hautoki katika uundaji wa vyombo, maana mimi ni mtu wa bara, niliyezaliwa Mbeya chini ya mlima Loleza na kufanya kazi ya ualimu Iringa. Unatoka katika mchezo wa gofu. Najua wako wasomaji watakaotabasamu, wakiona kwamba jambo la falsafa limeshushwa mpaka kwenye mchezo wa watu wenye nafasi. Nawaomba wanivumilie. Jambo dogo lina faida moja ambayo jambo kubwa halina: laweza kuonekana lote kwa mara moja. Mwalimu akishindwa kufundisha, aweza kuwalaumu wanafunzi. Mkulima akikosa mavuno, aweza kuilaumu mvua. Mchezaji wa gofu hana wa kumlaumu. Mpira umetulia chini mbele yake, uzito wake haufiki gramu 46, wala hapana adui anayeusukuma au anayeuzuia. Shimo linaloungoja lina upana wa milimita 108, kipimo kilichowekwa mwaka 1891 na ambacho hakijabadilika. Mpira ukienda kombo, umepelekwa kombo na mikono yake mwenyewe. Kwa hiyo mpira ule ni hakimu asiyepokea rushwa wala maelezo.

Asili ya mchezo huu ni Uskoti, nao ulienea Tanganyika katika siku za utawala wa Waingereza. Katika Mufindi, mkoani Iringa, ambako walowezi wa Kijerumani walianza kupanda chai kati ya vita viwili vikuu vya dunia, upo uwanja wa gofu katikati ya mashamba hayo. Vilabu vya siku za ukoloni vilikuwa vya Wazungu. Mwafrika aliviingia kwa mlango wa kazi: kukata nyasi, kupika, na kuchukua mfuko wa fimbo. Mchukuzi huyo, ambaye wachezaji humwita kedi, kwa kawaida hakuwa na nafasi ya kucheza, lakini hakuna aliyeweza kumkataza kutazama. Alitazama mapigo mazuri na mabaya kwa maelfu, na jioni alipokuwa peke yake alijaribu kwa tawi la mti. Wachezaji wengi hodari wa Afrika ya Mashariki walitoka katika shule hiyo isiyokuwa na ubao wala chaki.

Mimi nilipita njia nyingine. Nilipokaribia umri wa miaka hamsini, rafiki yangu mmoja aliyehama Iringa aliniachia mfuko wa fimbo kuukuu na kitabu kimoja. Kitabu kilikuwa cha Ben Hogan wa Marekani, kilichotolewa mwaka 1957, chenye mafunzo matano na michoro ya Anthony Ravielli. Ni kitabu mashuhuri, na umashuhuri wake ni wa haki. Hogan alikuwa bingwa ambaye gari lake liligongana na basi mwaka 1949, hata ikadhaniwa kwamba mchezo wake umekwisha. Akarudi kiwanjani na kulitwaa taji la Marekani mwaka 1950. Mtu wa namna hiyo akisema husikilizwa. Naye alishika shauri kwamba mtu wa kawaida akiyafuata mafunzo yake sawasawa, aweza kumaliza uwanja kwa mapigo yasiyofika 80.

Nilikisoma kwa miezi mitatu kama nilivyozoea kusoma vitabu vyote, kalamu mkononi, nikipiga mstari chini ya kila neno lililoonekana kuwa na uzito. Nilijua kila kidole cha mkono wa kushoto kinalala wapi, bega lipi linatangulia na kiuno kinaanza kugeuka lini. Usiku nilisimama mbele ya kioo nimeshika ufagio, na watoto wangu wakinitazama kwa huruma. Kama mtihani ungalikuwa wa kuandika, ningalipata alama zote.

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, katika majira ya ukungu na baridi ya Mufindi, nilikwenda kuujaribu ujuzi wangu. Kijana aliyenichukulia mfuko alikuwa na umri kama wa miaka ishirini, na shule yake ilikuwa imekomea darasa la saba. Aliniamkia kwa adabu, akanipa fimbo, akasimama kando. Nilipanga vidole, nikapanga miguu, nikapanga mabega, nikazikumbuka kurasa moja baada ya nyingine, kisha nikapiga. Mpira ulipinda kulia ukaingia kwenye chai. Wa pili ukaufuata wa kwanza. Wa tatu haukwenda popote. Udongo na nyasi viliruka badala yake. Kijana alinyamaza. Baada ya mpira wa nne alisema kwa sauti ya chini:

“Samahani, mwalimu. Shuleni kwenu mlikuwa mkifyeka majani?”

“Kila Ijumaa,” nikamjibu.

“Fyekeo mlikuwa mkilisukuma, au mlikuwa mkiliacha liende lenyewe?”

“Tulikuwa tukiliacha liende. Ukilisukuma, unachoka mapema.”

“Basi, mwalimu, fyeka. Usiupige mpira. Fyeka majani, mpira utakuwa njiani.”

Nikafyeka. Sitasema uongo kwamba muujiza ulitokea. Mpira haukwenda mbali, lakini ulikwenda mbele. Na katika kumi iliyofuata minne ilikuwa mizuri. Minne katika kumi si kitu kwa bingwa, lakini kwa mtu aliyetoka kuipoteza mitatu kati ya minne ni utajiri. Niliporudi Iringa jioni ile sikufurahi tu, nilifadhaika pia. Miezi mitatu ya kusoma haikunipa kile nilichopewa na maswali mawili ya kijana aliyenibebea mfuko. Nilitaka kujua kwa nini.

Jibu la haraka ni kwamba kitabu kilikuwa cha uongo. Jibu hilo si la haki. Nilikifungua tena usiku ule, wala sikuona neno ambalo kijana alilipinga. Kosa halikuwa katika ukweli wa maneno, bali katika safari ya neno kutoka jicho mpaka mkono. Safari hiyo ina vikwazo vitatu.

Kikwazo cha kwanza ni wakati. Pigo zima, tangu fimbo kuinuliwa mpaka kuufikia mpira, huchukua sekunde moja na zaidi kidogo. Kushuka kwa fimbo peke yake ni kama robo ya sekunde, na fimbo na mpira hugusana kwa muda wa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hapana sentensi ya kitabu, hata iwe fupi namna gani, inayoweza kusomwa moyoni kwa muda huo. Anayejaribu kukiamrisha kila kiungo kwa zamu yake ni kama nahodha anayeanza kumwita kila baharia kwa jina lake wakati wimbi limekwisha kuvunjika juu ya chombo.

Kikwazo cha pili ni kwamba maneno hukata vipande kitu ambacho mwilini ni kimoja. Mwandishi hawezi kusema mambo kumi pamoja. Lazima aanze na vidole, aje kwenye viwiko, amalize kwa nyonga. Msomaji naye huvipokea vipande, akadhani kwamba akivijumlisha atapata pigo, kama mtu anayedhani kwamba akijumlisha mifupa atapata ng’ombe. Mwingereza mmoja, Ernest Jones, alipoteza mguu wa kulia chini ya goti katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na alipopona aliona kwamba bado aweza kucheza kwa ustadi. Alifikiri sana juu ya jambo hilo, akakata shauri kwamba akili haina haja ya kuviamrisha viungo. Yatosha ijue kazi ya ncha ya fimbo, na mwili utatafuta njia yake. Alikuwa akiwafundisha watu kwa kubembeza kisu kidogo kilichofungwa kwenye ncha ya leso. Mwaka 1999 mtaalamu Gabriele Wulf na wenzake waliwajaribu watu waliokuwa wageni katika gofu: walioambiwa waangalie mwendo wa fimbo walijifunza vizuri kuliko walioambiwa waangalie mwendo wa mikono yao. Kijana wa Mufindi hakusoma habari za Jones wala za Wulf. Alisema “fyeka,” na neno moja likayakusanya yale ambayo kurasa nyingi zilikuwa zimeyatawanya.

Kikwazo cha tatu ndicho kikubwa zaidi, nacho kilionwa zamani sana. Katika maandishi ya Plato, Socrates analalamika kwamba maandishi yanafanana na picha iliyochorwa: yaonekana kama yana uhai, lakini ukiyauliza swali hurudia neno lile lile, wala hayajui yanasema na nani. Kitabu hakimwoni msomaji wake. Hogan, kabla hajawa bingwa mkuu, alisumbuliwa na mpira uliopinda mno kushoto, na namna ya kushika fimbo aliyoifundisha inafaa kuyatuliza maradhi hayo. Walakini wengi wetu tunaoanza tuna maradhi ya kinyume, mpira kupinda kulia. Nilikuwa nikinywa dawa ya mgonjwa mwingine, na kwa kuwa nilikuwa na bidii nilikunywa nyingi. Tena Hogan alikulia Texas katika nchi ya tambarare. Mufindi iko juu ya mita 1,700, hewa ni nyepesi, na mpira ukipigwa vyema huruka mbali kuliko kipimo cha vitabu. Kitabu hakikujua nimesimama wapi.

Lakini katika kukichunguza tena niliona jambo lililonishangaza kuliko yote. Hogan naye alikuwa na fyekeo lake. Anapotaka kueleza mkono wa kulia ufanye nini, anamkumbusha msomaji namna mchezaji wa besiboli anavyorusha mpira kwa mkono unaopita chini kando ya mwili, na Ravielli ameuchora mrusho huo kwa ufundi mwingi. Nilikuwa nimeupita ukurasa ule upesi, maana sijacheza besiboli hata siku moja. Kwa mtoto wa Marekani mchoro ule ni fyekeo: mwili wake unakumbuka. Kwangu mimi ulikuwa picha ya mtu anayetupa kitu. Basi hata kitabu hakifundishi mkono usiojua lolote. Huuamsha mkono unaojua jambo jingine lililo jirani. Nilichokosa mimi ni mkalimani wa kuniambia kwamba mrusho wa Texas na fyekeo la Ijumaa ni ndugu. Hogan mwenyewe, kabla ya kuandika, alikuwa mtoto mchukuzi wa mifuko katika kiwanja cha Fort Worth. Mwanzo wa elimu yake na mwanzo wa elimu ya kijana wangu ulikuwa mmoja.

Mwanafalsafa Gilbert Ryle alitenga, katika mwaka 1949, kujua kwamba jambo ni hivi na kujua namna ya kulitenda. Nyanda zetu za Juu zimejaa watu wa elimu hii ya pili. Wanawake wa Kihehe hufuma vikapu vya milulu ambavyo msuko wake haukosei hata mfumaji akizungumza na mgeni. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kwenye pwani ya Ziwa Nyasa, hufinyanga vyungu vyenye kuta nyembamba na duara safi. Waulize wamejuaje, nao watakuambia waliketi karibu na mama zao. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule tulizorithi ziliwafanya vijana waamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka katika vitabu au kwa watu waliosoma, hata wakayadharau maarifa ya wazee wao. Nilikuwa nimeyafundisha maneno hayo darasani kwa miaka mingi. Sikujua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikisemwa.

Je, tuvitupe vitabu basi? Wako wanaopenda kusema hivyo, na aghalabu ni watu waliosoma. Nawajibu kwa kuwapeleka Isimila, kilomita kama 20 kutoka mjini Iringa kwenye barabara ya kwenda Mbeya. Hapo, katika korongo, yamelala mashoka ya mawe kwa wingi wa ajabu, ambayo kundi la Clark Howell liliyachimbua na kuyachunguza katika miaka ya 1957 na 1958, na ambayo umri wake hukadiriwa kupita miaka 200,000. Kila shoka lilichongwa kwa jiwe kugonga jiwe, na pembe ya kila pigo ilitaka jicho na mkono uliofunzwa. Hapana shaka walikuwapo mafundi na wanagenzi. Lakini mnyororo wa kutazamana ulikatika, na wachunguzi wa leo hulazimika kuvunja mawe mengi kwa kubahatisha ili waupate tena ujuzi ambao mtoto wa Isimila aliupata kwa kuketi karibu. Mkono ukifa, hufa na elimu yake. Hogan alifariki mwaka 1997, na neno lake lilinifikia Iringa. Elimu ya kijana wangu ilinifikia kwa sababu tu nilisimama hatua tatu kutoka kwake.

Tena kijana alijua nifanye nini, lakini hakuweza kuniambia kwa nini, wala angalimfaa vipi mtu asiyewahi kushika fyekeo. Nilipofika nyumbani na kukisoma kitabu mara ya pili, mistari niliyoipigia kalamu bila kuielewa ilianza kusema. Mkono ulikuwa umekwisha kulionja jambo, na sasa kitabu kilinipa jina lake na sababu yake, hata nilipolipoteza juma lililofuata nilijua pa kulitafutia. Kwa hiyo shauri langu ni hili: kitabu cha ufundi husomwa mara mbili, kabla ya mkono kujaribu na baada ya mkono kukosea. Usomaji wa kwanza humpa mtu hamu na ramani. Wa pili ndio unaomfunza. Kati ya hizo mbili lazima awepo mtu wa kumtazama, na lazima iwepo aibu ya mipira iliyopotea kwenye chai.

Hapa mchezo unatuacha na jambo kubwa linaingia. Aristotle alisema kwamba watu huwa wajenzi kwa kujenga, na huwa waadilifu kwa kutenda matendo ya uadilifu. Kama hivyo ndivyo, basi wema ni wa jamaa ya ufundi, na yote niliyoyasema juu ya fimbo yanasemeka juu ya utu. Kwa miaka mingi nimesoma na kufundisha vitabu juu ya haki. Naweza kueleza usawa wa binadamu kama nilivyoweza kueleza mshiko wa Hogan. Na siku ile ya Mufindi, mchezo ulipokwisha, nilimlipa kijana ujira wa kuchukua mfuko, nikamwongezea kidogo kwa ukarimu, nikaondoka nimeridhika na nafsi yangu. Juma lile lile niliagiza kitabu kingine cha gofu kwa bei iliyokuwa mara kumi ya ujira ule. Sikuona kombo lolote. Nililipa mabega yake, sikulipa macho yake. Mwandishi asiyeniona nilimwita mwalimu. Yule aliyeniona nilimwita mchukuzi. Haki niliyoijua kwa maneno haikuufikia mkono ulioingia mfukoni.

Jambo hilo lilinijia baada ya miezi miwili, nikarudi Mufindi kwa nia ya kulirekebisha. Wenzake waliniambia kwamba amekwenda mjini kutafuta kazi, wala hawakujua ni mji gani. Deni lile halijalipwa mpaka leo.

Najua kwamba nchi yetu haikulala katika jambo hili. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazini na kuutambua ujuzi wao kwa cheti, na huo ni uadilifu wa aina niliyoikosa mimi. Lakini cheti hakitamfikia kila mfinyanzi wala kila kedi, na hapo pasipo na cheti ndipo dhamiri ya mtu binafsi inapopimwa. Mwenye elimu ya kitabu ana nafasi ya kuchukua elimu ya mwenye mkono, kuiandika, na kuitwa mtaalamu, ilhali mwenyewe amebaki na ujira wa kubeba. Anaweza kufanya hivyo bila kuiba kitu chochote kinachoonekana. Ndiyo sababu ni vigumu kujikamata.

Tangu siku zile nimebadili namna yangu ya kufundisha walimu. Zamani niliwasomea maelezo juu ya kufundisha, nao wakayaandika, na katika mtihani wakanirudishia. Sasa kila mmoja husimama mbele ya watoto katika juma la kwanza, kabla hajasoma ukurasa mmoja, na aghalabu hushindwa kama nilivyoshindwa mimi. Hapo ndipo tunapofungua kitabu. Na akitoka kwa fundi yeyote, awe mfumaji wa vikapu au mkulima, kuja kuandika aliyojifunza kwake, namtaka aandike jina la fundi huyo juu ya karatasi, mahali pale ambapo tumezoea kuandika majina ya waandishi. Mimi mwenyewe siwezi kuitimiza sharti hiyo katika insha hii. Mwalimu wangu wa Mufindi nilimchukulia muda wa saa nne, nikamshukuru, na sikumwuliza jina lake.